Sura ya Saba: Kabla ya Kununua Seva ya Pili

Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Brad Fitzpatrick, alianzisha tovuti ya LiveJournal ili yeye na rafiki zake wapate pa kuandikia habari zao za kila siku. Ilianza kwenye seva ya kuchangia na watu wengine, ikahamia kwenye seva yake yenyewe, na wanachama walipoanza kulipia huduma, fedha zao zikanunua mashine mbili: moja ya kutoa kurasa, nyingine ya kanzidata. Kufikia Januari 2005 mashine zilikuwa zimepita mia moja.

Zipo tovuti nyingi zilizokua kuliko hiyo. Naanza nayo kwa sababu Fitzpatrick aliisimulia safari yote mbele ya wataalamu wenzake, hatua kwa hatua, pamoja na kila mahali alipokwama. Kampuni nyingi huonyesha mchoro wa mwisho tu: visanduku ishirini na mishale kati yake. Mwenye tovuti changa huutazama mchoro ule akaamini kwamba ndivyo tovuti ya maana inavyojengwa, akaanza kukodi seva sita kabla hajapata wasomaji elfu sita. Simulizi ya LiveJournal inaonyesha kile ambacho mchoro hauwezi kukionyesha, nacho ni mfuatano. Mashine mbili zilipolemewa, kilichobana kilikuwa prosesa ya mashine ya kurasa, zikaongezwa mashine mbili za kurasa. Nafuu ikapatikana kwa muda, kisha diski ya kanzidata ikashindwa. Ikaletwa kanzidata ya pili ya kusomwa. Baadaye nayo ikazidiwa, kwa sababu nyingine kabisa. Kila mashine iliyonunuliwa ilijibu upungufu uliokwisha kuonekana.

Kwa hiyo swali la "nichukue seva gani?" halina jibu mpaka lijibiwe swali linalolitangulia: tovuti yako inabanwa wapi leo?

Vitu vinne vinavyokwisha

Msomaji akigusa kiungo kwenye simu yake, ombi linafika kwenye programu ya kupokea wageni, mara nyingi nginx au Apache. Hiyo inalikabidhi kwa programu ya tovuti yenyewe, iliyoandikwa kwa PHP, Python au lugha nyingine. Programu inaiuliza kanzidata maswali kadhaa, inayaunganisha majibu yawe ukurasa, na ukurasa unarudi kwa msomaji. Katika mzunguko huo vinatumika vitu vinne: muda wa prosesa, nafasi ya RAM, kasi ya diski, na upana wa mtandao. Kimojawapo lazima kiishe kabla ya vingine, na kila kimoja kikiisha kina dalili zake.

Prosesa ikiisha, kurasa zote hupungua kasi taratibu kadiri wageni wanavyoongezeka. RAM ikiisha hali huwa mbaya ghafla: Linux huanza kuhamishia data kwenye diski, kazi ya milisekunde ikachukua sekunde, na ikizidi mfumo huua programu moja ili nyingine ziishi. Mara nyingi inayouawa ni kanzidata, kwa kuwa ndiyo inayoshika RAM nyingi kuliko zote, na mwenye tovuti anaamka asubuhi anakuta ujumbe kwamba kanzidata haipatikani. Diski ikibana, utaiona prosesa imekaa tu ikingoja huku wasomaji wakilalamika. Mtandao kwa tovuti ya maandishi ni nadra kubana. Kwa video na picha kubwa ndiyo unaotangulia.

Hesabu ndogo huondoa hofu nyingi. Kurasa 100,000 kwa siku ni idadi inayotisha ukiisikia. Lakini siku ina sekunde 86,400, hivyo wastani ni ukurasa mmoja na ushei kwa sekunde. Watu hawaji kwa wastani, wanakuja jioni na habari inapozuka, basi tuseme kilele ni mara kumi ya wastani: kurasa 12 kwa sekunde. Kama kila ukurasa unatumia sehemu ya kumi ya sekunde ya prosesa, seva yenye viini 4 inaweza kutoa kurasa 40 kwa sekunde. Kama ukurasa unakaa ndani ya programu kwa nusu sekunde, pamoja na muda wa kuingoja kanzidata, basi wakati wowote wa kilele kuna kurasa 6 mkononi. Kila moja ikishika MB 60 za RAM, jumla ni MB 360. Seva moja ya kukodi yenye viini 4 na RAM ya GB 8 itaubeba mzigo huo, na kanzidata ndani yake, bila kuhema.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Wageni ni walewale, ila ukurasa uchukue sekunde 5 badala ya nusu sekunde, kwa sababu ya swali moja baya kwenye kanzidata. Kurasa zilizo mkononi si 6 tena, ni 60. RAM inayohitajika imefika GB 3.6, kanzidata inasongwa na maswali 60 kwa mpigo, na kwa kusongwa huko kila swali linazidi kuchelewa. Tovuti inaanguka, na mwenyewe anasema imekua imeishinda seva. Haijapata hata mgeni mmoja wa zaidi.

Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea, nami sichoki kulisema. MySQL inaweza kukuandikia orodha ya maswali yanayochelewa ukiiwasha; PostgreSQL nayo ina nyenzo ya kuhesabu kila aina ya swali na muda wake. Washa orodha hiyo kwa wiki moja kabla hujamwomba mtu yeyote bei ya seva. Mara nyingi utakuta jedwali lisilo na indeksi. Jedwali la matangazo milioni moja, likitafutwa kwa mkoa bila indeksi, husomwa safu kwa safu toka mwanzo hadi mwisho kila mtu anapobonyeza kitufe cha kutafuta. Likiwa na indeksi, kanzidata hushuka ngazi tatu au nne ikafika inapotaka. Mstari mmoja wa amri huweza kuifanya kazi ambayo mashine tatu zingeshindwa kuifanya.

Asiyeamini kwamba mashine chache zilizotunzwa zinafika mbali aitazame Stack Overflow, tovuti ambayo waandishi wa programu duniani kote huulizana maswali. Mwaka 2016 ilikuwa ikipokea maombi zaidi ya milioni 200 kwa siku, na kazi ya kutoa kurasa zake kuu ilifanywa na seva 9. Wahandisi wake walisema hata moja ingeweza kuubeba mzigo. Zilizobaki zilikuwa za usalama na za kufanyia matengenezo. Siri yake ilikuwa msimbo uliopimwa kila siku, na seva za kanzidata zenye RAM kubwa kiasi kwamba diski haikusumbuliwa sana.

Kutofanya kazi ileile mara mbili

Hatua ya kwanza ya kutenganisha, yaani kuipa kanzidata mashine yake, ni rahisi na ina faida ya haraka. Kurasa na kanzidata haviibiani tena RAM, na unaweza kuona wazi nani kati yao anayeteseka. Gharama yake ni kwamba maswali sasa yanapita kwenye mtandao. Mashine mbili ziwe kwenye kituo kimoja cha data, kwenye mtandao wa ndani, na kanzidata isifunguliwe mlango wa intaneti hata kidogo. Mpangilio huu unatosha kwa tovuti nyingi za magazeti, maduka na vyuo katika nchi zetu, na unatosha kwa miaka.

Zaidi ya hapo wengi hukimbilia kuongeza mashine za kurasa. Kama kilichochoka ni kanzidata, huko ni kuongeza ndoo kwenye kisima kilekile. Linalofaa ni kuuliza ni kazi ngapi zinarudiwa bila sababu. Ukurasa wa mbele wa gazeti hubadilika labda mara ishirini kwa siku, lakini programu inaujenga upya kwa kila msomaji, mara elfu hamsini, na matokeo ni yaleyale. Nginx au Varnish ikiwekwa mbele ya programu inaweza kuihifadhi nakala ya ukurasa huo kwa dakika moja tu, na kwa dakika hiyo maelfu watapewa nakala bila kanzidata kuguswa.

LiveJournal haikuweza kufanya hivyo kirahisi, kwa kuwa kila mwanachama alikuwa akiona ukurasa wake: rafiki zake, na habari za siri alizoruhusiwa kuziona. Fitzpatrick akaamua kuhifadhi vipande badala ya kurasa. Mwaka 2003 alitengeneza memcached, programu inayotunza majibu ya kanzidata ndani ya RAM, na RAM hiyo ikakusanywa kutoka mashine mbalimbali zilizokuwa na nafasi isiyotumika. Mwaka uliofuata aliandika kwamba akiba hiyo ilifika GB 30 na ilikuwa ikijibu takriban asilimia 92 ya yaliyoulizwa. Maswali 8 tu kati ya 100 yaliifikia kanzidata. Memcached ilitolewa bure kwa kila mtu, na tovuti kubwa nyingi zilizokuja baadaye zimesimama juu yake au juu ya ndugu yake, Redis.

Iko njia ya kale zaidi ambayo naipenda kuliko zote. Matokeo ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani la Tanzania yanahusu watahiniwa zaidi ya nusu milioni, na siku yanapotoka familia nchi nzima huyatafuta ndani ya saa zilezile. Kurasa zake ni za namna sahili kabisa: kila shule ina faili lake la HTML, limekwisha kuandikwa, halina picha wala mapambo, wala hakuna kanzidata ya kuulizwa. Seva inachofanya ni kulichukua faili na kulituma. Mashine moja ya kawaida hutuma maelfu ya mafaili kama hayo kwa sekunde, na ukitaka kuongeza nguvu unayanakili mafaili kwenye mashine nyingine, basi. Mbunifu wa tovuti anaweza kuziona kurasa zile ni za kizamani. Mimi naona mpangilio uliolingana na kazi yake: data isiyobadilika haina haja ya kutungwa upya.

Kache, yaani nakala hizo zinazohifadhiwa kwa muda, nayo ina hatari yake, na Wikipedia iliiona tarehe 25 Juni 2009, Michael Jackson alipofariki. Makala yake ilikuwa ikihaririwa mfululizo, na kila hariri ilifuta nakala iliyohifadhiwa. Nakala ilipokosekana, maombi ya wasomaji wote waliokuwa wakiingia yalipita moja kwa moja hadi kwenye programu, na seva nyingi zikaanza kuujenga ukurasa uleule kwa wakati mmoja. Wahandisi wa tovuti hiyo baadaye waliandika programu ya kuzuia jambo hilo: anayetangulia hujenga, wengine humngoja au wakapewa nakala ya zamani kidogo. Nginx ina uwezo huohuo ndani yake, na haujiwashi wenyewe. Uwashe.

Mashine nyingi za kurasa

Hatua hii ina sifa kubwa kuliko ugumu wake. Unaweka mgawa mzigo mbele, HAProxy kwa mfano au nginx yenyewe, naye hugawa maombi kwa mashine zilizo nyuma na kuiruka iliyokufa. Kazi halisi iko kwenye programu yako. Mtu akiingia kwa nenosiri kwenye mashine ya kwanza, ombi lake la pili linaweza kuangukia ya tatu, ambayo haimjui. Kwa hiyo kumbukumbu za walioingia zikae mahali pamoja, kwenye Redis au kanzidata. Picha aliyoipakia ikibaki kwenye diski ya mashine moja, wasomaji wawili kati ya watatu hawataiona. Ihamishie kwenye hifadhi ya pamoja mapema, hata ukiwa bado na mashine moja. Anayeyafanya haya mawili tangu mwanzo ataongeza mashine ndani ya mchana mmoja. Asiyeyafanya atakesha.

Nakala za kanzidata

Kanzidata kuu hupokea maandishi mapya na kuyatuma kwa wasaidizi wake, nao husomwa. Kwa tovuti inayosomwa sana na kuandikwa kidogo, hii ni nafuu kubwa. Ila msaidizi huwa nyuma ya kuu kwa sehemu ya sekunde, na siku ya shida kwa dakika. Mtu anaandika maoni, anaufungua ukurasa tena, hayaoni, anaandika mara ya pili. Dawa ni kumsomesha kutoka kanzidata kuu kwa muda mfupi kila anapoandika.

Ukomo wake LiveJournal iliugusa mapema: kila msaidizi lazima ayaandike maandishi yote yaliyoandikwa kwenye kuu. Maandishi yakiwa mengi, wasaidizi hutumia nguvu zao karibu zote kuandika, na ukiongeza msaidizi wa kumi na mbili huoni faida yake. Hapo wakawagawa wanachama wenyewe, kundi hili kwenye kanzidata hii, kundi lile kwenye ile. Ni kazi nzito inayogusa kila kona ya programu, na sijui kosa la gharama kubwa kuliko kuifanya miaka mitano kabla haijahitajika.

Siku ya giza

Januari 2005, kwenye kituo cha data mjini Seattle walimokuwa LiveJournal, mteja mwingine alibonyeza kitufe chekundu cha kukata umeme kwa dharura. Betri na jenereta hazikufaa kitu, kwa kuwa kitufe hicho kimewekwa makusudi kuzizima zote. Mashine zaidi ya mia zikalala kwa pamoja. Umeme uliporudi, ikagundulika kwamba baadhi ya diski zilikuwa zimeijulisha kanzidata kuwa data imekwisha kuandikwa ilhali bado ilikuwa njiani, na kanzidata kadhaa zikawa zimeharibika. Wingi wa mashine haukuwa kinga, maana zote zilitegemea waya mmoja.

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akihangaika usiku na kanzidata ya msaidizi iliyobaki nyuma, alifuta data kwenye mashine kuu akidhani yuko kwenye ya pili. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutunza nakala za akiba, na saa ilipofika hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma iliyokuwa imechukuliwa kwa shughuli nyingine. Na tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza tovuti na akiba pamoja, kwa kuwa akiba ilikaa palepale.

Basi kabla hujaongeza seva ya pili ya kurasa, ongeza nakala ya akiba katika mji mwingine, kwa kampuni nyingine, na kila mwezi irudishe kwenye mashine tupu uone kama tovuti inasimama. Tovuti inayochelewa hukera. Kuwapotezea watu maandishi yao ya miaka kumi ni dhuluma.

Kukodi, kununua, na mahali

Tangu Amazon ilipoanza kukodisha seva za wingu mwaka 2006, mtu anaweza kupata mashine kwa dakika chache na kuirudisha jioni. Kwa tovuti ambayo mzigo wake hupanda mara kumi kwa siku mbili kisha ukatulia, hakuna linaloshinda hilo. Kwa mzigo unaotabirika, hesabu hubadilika. Kampuni ya 37signals ya Marekani ilitumia dola milioni 3.2 kwa wingu mwaka 2022, ikanunua mashine zake, na ikaeleza hadharani kwamba imepunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Kwetu liongeze na hili: bili huja kwa dola, na shilingi ikishuka bili hupanda hata kama mzigo haujasogea. Wingu lina pia malipo ya data inayotoka, ambayo kwa tovuti ya picha nyingi yanaweza kuipita bei ya mashine. Seva ya kukodi yenye bei moja kwa mwezi humwezesha mwenye tovuti ndogo kulala.

Lililobaki ni mahali, na hili halirekebishwi kwa prosesa. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni takriban kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 70. Waya hupinda kufuata bahari, na milisekunde 150 si ajabu. Kuufungua ukurasa salama kwa mara ya kwanza huhitaji safari tatu angalau: kuunganisha, kukubaliana funguo, kuomba. Karibu nusu sekunde imekwenda kabla ya herufi ya kwanza. Mtandao wa kusambaza nakala, kama Cloudflare, huweka picha na kurasa zisizobadilika jirani na msomaji, na hiyo ni tiba ya sehemu kubwa. Yanayohitaji kanzidata bado husafiri.

Njia nyingine ni kuileta mitambo nyumbani: Safaricom waliihamisha mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilididimia Tanzania, Kenya na Uganda, lakini data iliyokuwa ikibadilishwa ndani ya nchi, kwenye vituo kama KIXP cha Nairobi na TIX cha Dar es Salaam, haikuwa na haja ya nyaya hizo. Sheria nazo zimeingia: ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 za kulinda taarifa binafsi huweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, na mwenye tovuti ya hospitali au mikopo anapaswa kuzisoma kabla ya kulinganisha bei.

Ukibaki na wagombea wawili au watatu wa kukukodisha seva, omba kila mmoja akupe seva ya majaribio ya wiki moja. Weka nakala ya tovuti yako humo, si ukurasa mtupu, kisha uifungue kwa simu ya bei nafuu kupitia mitandao yote mikubwa ya nchi yako, saa tatu usiku, wakati kila mtu yuko hewani. Andika muda wa kila jaribio. Lipia mwezi mmoja kwanza, si mwaka.